Ukitaka mpunga unaohimili maradhi na ukame, tafuta kwanza shamba baya

Kabla hujashika mkasi, chukua karatasi uandike mpunga gani unataka kuurekebisha na una kasoro gani. "Nataka mbegu bora" hiyo ni ndoto, haijawa kazi. Kazi husomeka hivi: aina fulani inapendwa, inazaa, wali wake hauna neno, lakini shingo ya suke huoza kwa blasti, ugonjwa wa ukungu, na maji yakikatika wakati mpunga umebeba mimba, unavuna mapepe. Ukishaandika hivyo, mzazi wa kwanza umeshampata. Ni huo huo mpunga unaopendwa.

Wengi huanzia upande wa pili. Wanasikia habari za mpunga usioumwa, wanaukimbilia, halafu wanahangaika miaka mingi kuufundisha kuzaa na kuwa mtamu. Mimi siendi njia hiyo. Mkulima hapandi mpunga asiotaka kuula, hata uwe mgumu namna gani. Wahindi walipoona Samba Mahsuri inakaushwa majani na bakteria, hawakubuni mpunga mpya. Waliuingizia jeni tatu za ukinzani, yaani xa5, xa13 na Xa21, wakaurudisha kwa wenyewe mwaka 2008 ukiwa na punje ileile nyembamba.

Mzazi wa pili ndiye wa kutafutwa. Benki za mbegu zipo kwa ajili hiyo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, imehifadhi zaidi ya sampuli 130,000, na AfricaRice, kituo cha utafiti wa mpunga cha Afrika, wana hazina kubwa ya mpunga wa Kiafrika. Unaomba, unasaini makubaliano ya kawaida ya mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea, unatumiwa gramu chache. Gramu hizo zipande kwanza uzizidishe. Usizimalize kwenye jaribio la kwanza.

Majina machache ya kuanzia. Kwa kimyanga, yaani kile kirusi kinachoyafanya majani yawe ya njano yenye madoa, kuna Gigante ya Msumbiji, na kuna Tog5681 ambayo ni mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima. Kwa bakteria wa kukausha majani kuna IRBB60, ambayo imekusanya jeni nne kwa pamoja. Kwa blasti watu wametumia sana Tetep ya Vietnam na Moroberekan ya Afrika Magharibi. Kwa ukame kuna N22 ya India na Apo ya Ufilipino. Ukitafuta mizizi inayozama chini, kuna Kinandang Patong, ilikotolewa jeni DRO1.

Na usidharau magugu. Xa21 ilitoka kwa Oryza longistaminata, mpunga mwitu wenye mizizi inayotambaa, ambao mashambani watu huung'oa kwa hasira. Wakati kirusi cha kudumaza kilipokuwa kinaangamiza mpunga wa Asia, sampuli zaidi ya 6,000 zilipimwa, na iliyofaa ikawa moja tu, Oryza nivara kutoka India. Ukinzani wake ndio uliowekwa ndani ya aina ya IR36, iliyotolewa mwaka 1976. Shida ya ndugu wa mbali ni kwamba watoto wao mara nyingi huwa tasa. Ili kuwapata NERICA, yaani watoto wa mpunga wa Kiafrika na wa Kiasia, Monty Jones na wenzake walilazimika kutoa viini vya mbegu na kuvilea kwenye chupa za maabara, kisha kuwarudisha watoto kwa mzazi wa Kiasia ndipo wakazaa vizuri. Kama huna maabara, pandanisha mpunga kwa mpunga wa spishi moja.

Kupandanisha

Mpunga hujichavusha wenyewe. Kila ua dogo lina vifuko sita vya chavua na stigma mbili za kupokea chavua, zenye nywele kama manyoya, vyote vimefungiwa ndani ya maganda mawili. Ukisubiri maganda yafunguke, umechelewa, chavua imeshamwagika ndani. Kazi nzima ni kuwahi.

Anza na tarehe. Wazazi wawili ni nadra kuchanua siku moja, kwa hiyo panda kila mmoja mara tatu au nne, ukiacha siku kumi hivi kati ya awamu na awamu. Panda kwenye ndoo ili uweze kuwasogeza. Aina nyingine za kienyeji hungoja siku ziwe fupi ndipo zitoe masuke. Hizo zifunike kwa kitambaa cheusi jioni, zione usiku mrefu.

Wa kuwa mama ni yupi? Kama baba ana alama inayoonekana na inayotawala, mathalani zambarau chini ya shina, hapo ni rahisi: mche wowote utakaokosa zambarau umetokana na mama kujichavusha, ung'oe. Kama hakuna alama ya macho, itabidi kupima vinasaba vya kila mche.

Mchana wa jua ukishapita, chagua suke la mama lililotoka nusu au zaidi kidogo kwenye ala yake. Maua ya juu kabisa yameshafunguka, yakate. Ya chini kabisa bado ni machanga, yakate pia. Yanayobaki katikati yainue kuelekea mwanga. Kupitia ganda utaona kivuli cha vifuko vya chavua. Kama vimepanda kufikia nusu ya ua au kuvuka kidogo, ua hilo litafunguka kesho, na ndilo unalolitaka. Kata theluthi ya juu ya ganda kwa mkasi mdogo, ukilaza mkasi upande. Sasa unaona vichwa vya vifuko, vya rangi ya njano iliyopauka. Vitoe vyote sita, kwa kibano chenye ncha kali au kwa pampu ndogo ya kufyonza hewa. Hesabu. Kimoja kikipasuka ndani, usijaribu kusafisha. Ng'oa ua zima ulitupe. Maua thelathini yaliyohasiwa sawasawa yana faida kuliko mia yenye mashaka.

Funika suke kwa mfuko wa karatasi ya nta, bana chini. Andika majina ya wazazi na tarehe kwa penseli. Wino wa kalamu hupotea kwa umande.

Kesho yake mpunga utaanza kufunguka kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, kutegemea jua. Kata masuke ya baba mapema, yatie kwenye chupa ya maji karibu na mama, mahali penye joto na mwanga. Maua yake yakianza kupasuka na vifuko kuning'inia nje, fungua mfuko wa mama kwa juu, ingiza suke la baba, likung'ute taratibu ukilizungusha. Chavua ya mpunga hufa ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo usiikusanye kwenye karatasi ukatembea nayo. Ikungutie hapo hapo. Funika tena, na siku inayofuata rudia kwa suke jipya la baba.

Baada ya wiki moja, ua lililoshika utaona kichembe cha kijani kinachungulia pale ulipokata ganda. Baada ya mwezi hivi kimekomaa, na kinatambulika kwa urahisi: nusu kiko uchi, na ganda lake lina kovu la mkasi. Punje yenye ganda zima kwenye suke hilo haikupitia mkononi mwako, itupe. Zako zikaushe, zimenye kwa uangalifu, zioteshe kwenye karatasi yenye unyevu kabla ya kuhamishia kwenye udongo. Miche ya kizazi cha kwanza ikiwa ishirini ya kweli inatosha, maana kila mmoja utakupa mamia ya mbegu.

Hesabu ya jeni zilizojificha

Kizazi cha kwanza hufanana chote. Usichague chochote hapo, kikuze tu ukivune. Mvurugano unaanza kizazi cha pili, na hapa ndipo mtu asiyepiga hesabu anapopoteza miaka.

Ukinzani mwingine hutawala, yaani nakala moja ya jeni inatosha kuuonyesha. Xa21 iko hivyo. Mwingine hujificha, unahitaji nakala mbili. Ukinzani wa Gigante kwa kimyanga ni wa kujificha, na xa5 na xa13 ni hivyo hivyo. Ndiyo maana huandikwa kwa herufi ndogo. Kizazi cha pili kitakupa mimea yenye nakala mbili moja kwa kila minne. Ukitaka jeni mbili za namna hiyo ni moja kwa kumi na sita, tatu ni moja kwa sitini na nne. Na hapo bado hujauliza urefu, punje wala ukame. Kwa hiyo kizazi cha pili cha mimea mia mbili ni kidogo mno. Panda elfu mbili kama nafasi inaruhusu.

Kuna njia mbili za kwenda mbele, na mimi huchagua kwa kuangalia tatizo. Kama mama ana kasoro moja tu ya ugonjwa inayotegemea jeni inayojulikana, mrudishe mtoto kwa mama. Kila ukirudisha, sehemu ya mama inapanda: robo tatu, kisha asilimia 87.5, kisha 93.75. Mara tatu zinatosha kwa kawaida. Lakini kama jeni ni ya kujificha, watoto wote wa kurudisha wataumwa ukiwaambukiza, hata wale walioibeba. Hapo unahitaji kipimo cha vinasaba kutoka kipande cha jani, au umwache kila mtoto ajichavushe na uwapime wajukuu. Kipimo kinagharimu, ila kinakuokolea msimu mzima kwa kila hatua.

Kwa ukame sirudishi moja kwa moja, labda nifuate vipande vya kromosomu vilivyokwisha kuthibitishwa, kama qDTY1.1 au qDTY12.1. Ukame unabebwa na jeni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Mbegu za kizazi cha pili nazipeleka mbele haraka, punje moja kutoka kila mmea, kwenye trei zilizobanana zenye mbolea kidogo, mpaka kizazi cha tano au cha sita. Hapo mchanganyiko ndani ya kila ukoo, yaani uzao wa mmea mmoja, umeshuka hadi karibu asilimia 6, kisha 3, na ukoo unapandika kama aina. Ndipo naanza kuchagua. Kumchagulia ukame mmea mmoja mmoja wa kizazi cha pili ni kujifurahisha tu, kwa sababu mavuno ya mmea mmoja hayakuambii kitu.

Kitalu cha maradhi

Shamba zuri linawapa wote alama nzuri, ni sawa na kumpima mwogeleaji kwenye beseni. Kitalu cha blasti kinatakiwa kimtie aibu anayekipita.

Panda kila ukoo kwenye mstari mfupi wa nusu mita, kwenye tuta la udongo usiotuama maji. Kuzunguka kitalu chote, na tena katikati kila baada ya mistari kadhaa, panda aina unayojua ni dhaifu. Hiyo ndiyo itakayozalisha ukungu na kuusambaza. Mbolea ya naitrojeni usiionee huruma, jani laini lililoshiba ndilo linaloliwa. Katakata majani yenye ugonjwa uyatawanye, nyunyiza maji jioni, funika kwa plastiki usiku ili umande ukae, funua asubuhi.

Baada ya siku ishirini na tano hadi thelathini, angalia ile aina dhaifu kwanza. Ikiwa haijaungua, usisome chochote kitalu kizima. Matokeo hayo hayana maana, hata kama yanakupendeza. Ikiwa imekufa au inakaribia kufa, sasa inama usome majani ya wengine. Vidoti vya kahawia vidogo kama ncha ya sindano vinaonyesha mmea ulivamiwa ukajizuia. Madoa yaliyochongoka ncha mbili, yenye kijivu katikati na kahawia pembeni, yanaonyesha ukungu umekula na unatoa mbegu zake. Mizani inayotumika ni 0 hadi 9, na mimi hubakiza kuanzia 0 hadi 3. Ukoo wa 4 au 5 nauhifadhi kama mambo mengine ni mazuri sana, kwa sababu huenda una ukinzani wa wastani unaodumu kuliko ule wa jeni moja yenye nguvu.

Kisha msisahau shingo. Kuna koo zinazopita kitaluni majani safi kabisa, halafu masuke yakitoka zinaoza shingoni. Hizo zirudie kuziangalia shambani karibu na kukomaa.

Kimyanga kina mtindo wake. Saga majani yenye ugonjwa kwenye maji yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi isibadilike), tia unga mlaini wa kukwaruza, paka miche kwa vidole toka chini ya jani kwenda ncha. Baada ya wiki mbili au tatu wadhaifu wanageuka njano. Kirusi hiki hubebwa na mbawakawa, lakini hubebwa vilevile na mikono na mundu. Kwa hiyo siku ya kazi anza na vitalu vizima umalizie na vya wagonjwa, kamwe usigeuze.

Bakteria wa kukausha majani ndio wepesi kuwapima: chovya mkasi kwenye maji yenye bakteria, kata ncha za majani, rudi baada ya siku kumi na nne na rula. Dhaifu hukauka kushuka chini sana, mkinzani huishia sentimita chache.

Usitegemee jeni moja. Korea Kusini walitandaza mbegu za Tongil nchi nzima miaka ya 1970, blasti ikajibadilisha, ukinzani ukavunjika. Kukusanya jeni mbili au tatu kwenye ukoo mmoja kunamlazimu ukungu abadilike mara kadhaa kwa pamoja, na hilo ni gumu zaidi kwake.

Shamba la kiu

Hapa ndipo pana hila nyingi. Kwa muda mrefu watafiti walichagua kwa kuangalia majani: nani kajikunja, nani bado kijani. Majani yanadanganya. Mmea wenye majani machache hubaki kijani kwa sababu haunywi maji mengi, na hautoi punje nyingi pia. Kazi za IRRI zilikuja kuonyesha kwamba ukichagua moja kwa moja kwa uzito wa punje zilizovunwa chini ya ukame, unasonga mbele. Sahbhagi Dhan, iliyotolewa India mwaka 2010, ni moja ya matunda ya utaratibu huo.

Koo zilezile zipande mara mbili, shamba moja lenye maji mpaka mwisho na jingine la kukatiwa. La kukatiwa liwe sehemu ya juu ya mteremko, msimu wa kiangazi, na lizungushiwe mfereji wenye kina ili maji ya jirani yasipenyeze chini kwa chini. Upenyezaji huo umewapa watu wengi mashujaa wa uongo, kwa kawaida mistari ya pembeni. Zika bomba la plastiki lililotobolewa matundu, urefu wa mita moja na zaidi, uwe unapima kina cha maji kwa kijiti. Maji yakishuka chini ya mita moja ndipo kiu inapoanza kweli.

Wakati wa kukata ndio kila kitu. Mpunga huumia zaidi kuanzia siku kumi na mbili hivi kabla ya kuchanua, chavua inapoumbika, hadi kuchanua kwenyewe. Suke hushindwa kutoka kwenye ala, chavua hufa, unabaki na mapepe. Basi panga koo zako kwa makundi ya tarehe za kuchanua na ukatie kila kundi kwa wakati wake. Ukikatia wote siku moja, wa mapema watakuwa wameshajaza punje, utawasifu bure. Kukwepa ukame kwa kukomaa mapema ni sifa nzuri, ila ni sifa nyingine, na usiichanganye na kustahimili.

Ukavu uwe mkali kiasi cha kupunguza mavuno ya shamba hilo nusu au zaidi ukilinganisha na lenye maji. Likipungua kwa kiduchu, shamba halikupima kitu. Majani ya aina dhaifu yakijikunja tangu asubuhi na ncha kuanza kukauka, rudisha maji, uache wanaoweza kuinuka wainuke.

Vuna, pura, pepeta, pima uzito, na kwa masuke machache ya kila ukoo hesabu mapepe na punje zilizojaa. Panga koo kwa uzito wa shamba kavu, kisha weka orodha hiyo kando ya orodha ya shamba lenye maji. Unabakiza walio juu kote kuwili. Ukoo unaong'ara kwenye ukame tu mkulima ataulaani mwaka wa mvua nzuri.

Neno juu ya mizizi mirefu, maana siku hizi inasifiwa sana. DRO1 huielekeza mizizi chini, na hilo linasaidia pale ambapo chini kuna maji na udongo unapenyeka. Kwenye majaruba yenye tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe sentimita ishirini chini, mizizi hiyo haifiki popote. Chimba shimo uangalie udongo wako kabla ya kutumia miaka kwenye jeni hiyo.

Mfuatano wangu ni kitalu cha maradhi kwanza, kwa sababu ni rahisi na kinapunguza umati, kisha shamba la kiu kwa wachache waliobaki, kwa misimu miwili angalau. Waliopita huko waende kwenye maeneo tofauti na wapikwe. Wapo watakaofeli sufuriani, na wakifeli hapo wamefeli.

Ukoo ukishatolewa kuwa aina, chagua masuke yake mia moja au zaidi, kila suke lipandwe mstari wake, na mstari wowote wenye mmea usiofanana ung'olewe wote. Acha mita tatu kati yake na mpunga mwingine, kausha mbegu mpaka unyevu wa asilimia 12 au 13. Na kila msimu irudishe aina hiyo kitalu cha blasti, mstari mmoja, kando ya ile dhaifu. Siku utakapoona juu yake doa la kwanza lenye kijivu katikati, ukungu umeshapata njia, na mpandanisho utakaochukua nafasi yake unatakiwa uwe tayari umefika angalau kizazi cha nne.